Mtumbwi wa Shemeji Nilioupiga Picha kwa Nyuma

Dada yangu hapigi simu kunisalimia. Akitaka kunisalimia anatafuta mtu anayekuja Bariadi, anamfungia dagaa kwenye mfuko, na hao dagaa ndio salamu zenyewe. Kwa hiyo siku ile simu ilipolia nikaona ni yeye, nilikaa chini kwanza kabla ya kupokea. Nikasema moyoni, shemeji amekwisha.

"Hajafa," akasema kabla sijauliza, maana ananijua. "Anakutaka wewe na picha zako. Njoo kesho."

"Picha za nini, dada?"

"Za mtumbwi. Usiniulize mengi. Wiki ya pili hii anageuka geuka tu kitandani, chakula anakiangalia kama kimemkosea. Njoo umpigie huo mtumbwi auone, labda na mimi nitapumzika."

Shemeji wangu ni fundi wa mitumbwi ya tanga, upande wa Busega, ziwani. Kazi hiyo ameifanya tangu ujana wake. Sasa hivi mitumbwi mingi ina mashine, matanga yamebaki machache, lakini wapo wanaoyataka bado, na akitaka mtu mtumbwi wa tanga watu wa kule humwelekeza kwake. Mwaka jana alikuwa amebeba ubao pale mwaloni, pale mitumbwi inapoegeshwa, akateleza kwenye magamba ya samaki, nyonga ikavunjika. Hospitali walimsaidia, Mungu awabariki, akarudi mzima isipokuwa mguu haumtii. Anatoka kitandani na fimbo mbili mpaka mlangoni, kutoka mlangoni mpaka kwenye kiti chini ya upenu, basi, safari imekwisha. Na nyumba yake iko nyuma ya kilima. Ukikaa pale upenuni unasikia ziwa lakini hulioni.

Nilikwenda. Ningekataaje? Hapa lazima niseme habari ya ng'ombe, hata kama nitawachelewesha kidogo. Sisi Wasukuma ng'ombe wa dada ndio humwoza kaka. Shemeji alipokuja kumtaka dada yangu, baba alitaka ng'ombe, na yule alikuwa kijana wa ziwani, hana hata mbuzi. Akarudi kwao akaanza kutengeneza mitumbwi. Akimaliza mmoja anaupeleka kwa mtu mwenye ng'ombe anayetaka samaki, anarudi na ndama. Kila ng'ombe aliyefika kwetu alikuwa mtumbwi kwanza. Na hao hao ng'ombe ndio baba aliowatoa mimi nikamwoa mke wangu, ambaye tuko naye mpaka leo hapa Somanda, Bariadi, na sijawahi kujuta, ingawa yeye sijamuuliza. Kwa hiyo watoto wangu wote, ukifuatilia vizuri, walitokana na mbao za shemeji. Akisema njoo, naoga, nachukua simu yangu, naondoka.

Nasema simu kwa sababu kamera sina tena. Niliacha kazi ya picha macho yalipoanza kuona ukungu, kisha binti yangu akanipeleka kwa daktari nikapata miwani, na akaninunulia simu yenye kamera nzuri kuliko zote nilizowahi kushika. Namshukuru. Darasa la nne ndiko nilikoishia, lakini picha nilijifunza kwa kushika. Nilikuwa na chumba changu mjini, nyuma ya duka la Mwarabu mmoja mpole aliyeniachia mlango bila maneno. Enzi hizo ni za filamu, unapiga leo, filamu inakwenda Mwanza kusafishwa, mteja anangoja mpaka anasahau alikuwa amevaa nini.

Ukutani nilikuwa na pazia lililochorwa maji ya bluu na mtumbwi mkubwa wa tanga. Watu walitoka Mwanhuzi, walitoka Lagangabilili, wakasimama mbele ya lile ziwa la rangi na fimbo zao za kuchungia. Lilipendwa sana. Shemeji alipolikuta mara ya kwanza alisimama mbele yake, mikono nyuma.

"Tanga limevimba kwenda kulia," akasema.

"Ndiyo."

"Na bendera inapepea kwenda kushoto."

"Ndiyo, shemeji. Ni mapambo."

"Basi huko Bariadi mna pepo mbili kwa wakati mmoja. Ndiyo maana pamba yenu haikomai."

Tangu siku hiyo ndivyo tunavyozungumza. Mimi kwake ni mtu wa pamba, yeye kwangu ni mla dagaa.

Na nieleze kidogo nilivyokuwa napiga, maana ndipo kosa lilipotokea. Mteja wa huku alitaka aonekane mzima. Uso mbele, masikio yote mawili, mikono juu ya magoti, na miguu isikatwe. Kuna mkulima mmoja nilimkatia miguu bila kujua, akarudi na picha yake amekasirika. Akaniambia, "Hivi viatu nimevivaa siku hiyo kwa mara ya kwanza. Viko wapi?" Kumpiga mtu kwa ubavu ilikuwa ni kumwibia jicho moja, na kumpiga kwa nyuma, hilo halikuwepo kabisa, ni sawa na kumsengenya. Na wale walioinama bega moja kwa sababu ya kubeba mizigo miaka mingi, au shingo ilikwenda upande, nilikuwa na siri yangu. Niliinamisha kamera kidogo, kidogo tu, mtu akatoka amenyooka. Pazia la nyuma liliinama, lakini nani aliangalia pazia? Walinishukuru, na mimi nikajiona mwema.

Nilifika Lamadi, karibu na kwao, asubuhi, mpwa wangu akanipokea kwa pikipiki. Huyu ni mtoto wa kwanza wa dada, mtu mzima ana watoto wake, mvuvi. Njiani hakuzungumza sana. Nilimkuta shemeji upenuni kwenye kiti chake, amekonda mpaka masikio yamekuwa makubwa.

"Mwangaluka, mla dagaa."

"Mwangaluka, mtu wa pamba. Umekuja na yale maji yako ya bluu?"

"Nimeyaacha. Leo nataka ya kweli."

Akacheka, halafu akaacha kucheka, akaniambia shida yake. Mtumbwi ule aliumaliza mbao zote kabla hajaanguka. Ulibaki mlingoti na tanga. Mlingoti aliusimamisha mwanawe, yeye akiwa hospitali. Sasa upo majini wiki ya pili, na maneno ya mwaloni yanapanda kilima mpaka pale upenuni. Huyu anasema mlingoti umelala upande. Yule anasema haujalala, ni upepo. Mwingine anasema hao wana wivu tu. Na keshokutwa mwanawe na wenzake watatu walikuwa wanaupeleka kwenye maji marefu kwa mara ya kwanza, kulala huko na nyavu.

"Mlingoti uliolala," akasema, "siku ya maji matulivu ni kitu cha kuchekesha. Siku ya upepo mkubwa unavuta mtumbwi mzima upande wake. Nimeshawahi kuzika watu wa namna hiyo. Sasa ni mwanangu."

Nikamuuliza kwa nini wasimteremshe akaone mwenyewe. Dada, aliyekuwa anachambua dagaa pembeni, akajibu kwa niaba yake.

"Pikipiki daktari alikataa. Njia ni mawe matupu. Vijana walijitolea kumbeba na kitanda, akakataa."

"Nitabebwa kwa kitanda mara moja tu," shemeji akasema, "na siku hiyo sitakuwa na maoni juu ya mlingoti."

"Si wapime tu na uzi wa fundi mwashi ukiwa nchi kavu?" nikauliza.

"Nchi kavu kila mti unanyooka. Nataka kuuona ukiwa na tanga, ukiwa na kazi. Mwanangu huyu alifanya haraka, namjua. Kaniletee hizo picha zako."

Mpwa wangu alikuwa amesimama hapo hapo. Aliangalia chini, akachukua kasia lake, tukateremka.

Mtumbwi ulikuwa mzuri. Sijui mitumbwi, lakini mtu aliyepiga nyuso za watu miaka yote ile anajua kitu kilichofanywa kwa mapenzi. Mbao zilikuwa zimekaa pamoja kama vidole vya mtu anayeomba, na katikati ya mbao na mbao kuna pamba imeshindiliwa na mafuta kuzuia maji. Pamba hiyo ilitoka shambani kwangu, huwa nampelekea kila mavuno. Niliikuta pale imekaa kimya inafanya kazi, nikafurahi sana, nikaishika kwa kidole.

Wakatweka tanga. Lilikuwa la sandarusi nyeupe, mifuko iliyoshonwa pamoja. Nikafanya nilichojua. Nikawaambia wauzungushe mtumbwi unitazame. Uso mbele. Nikauweka katikati kabisa ya picha, nikahakikisha sijakata chochote, juu mpaka ncha ya mlingoti, chini mpaka maji. Nikapiga kama kumi, nikapanda kilima nimevimba kama hilo tanga lenyewe.

Shemeji aliishika simu mbali, kisha karibu.

"Hii ni nini?"

"Mtumbwi wako."

"Naona pua. Naona kijiti juu ya pua. Tanga liko wapi?"

Nikaangalia. Kweli, kwa vile ulinielekea, tanga lilikuwa limekaa kwa ubavu, limekuwa jembamba kama uzi. Wale watu ndani yake wote walikuwa wamefichwa na yule wa mbele. Nilikuwa nimepiga picha ya pasipoti ya mtumbwi.

"Mtumbwi hauendi kwa jirani kusalimia, mtu wa pamba. Unatembea. Upige ukitembea."

Nikateremka tena. Safari hii nikasema nitafute mahali pa juu, nione kila kitu. Kuna jiwe kubwa pale mwisho wa mwalo, wanawake huanika dagaa juu yake. Nikapanda kwa shida, wakinishika mkono huku wananicheka, nikapiga mtumbwi ukipita chini yangu. Niliona ndani yote, nyavu, ndoo, hata kandambili za mtu. Nikaona nimeshinda.

"Sasa umenipigia karai," shemeji akasema.

Alisema kweli. Kutoka juu mtumbwi ulikuwa umelala juu ya maji kama jani, na mlingoti umefupika, umepotelea kwenye maji yale yale. Huwezi kusema umenyooka au umelala, maana nyuma yake hakuna mbingu ya kuupimia. Halafu akanionyesha kitu kingine ambacho sikukitegemea kutoka kwa fundi wa mbao.

"Na hapa umeufikisha mwisho wa picha. Pua imegonga ukingo. Utakwenda wapi? Kitu kinachotembea kinataka maji mbele yake."

Nilipiga picha miaka mingi na hakuna aliyewahi kuniambia hilo. Wateja wangu hawakuwa wanatembea. Nilikaa chini kwenye kigoda, dada akanipa maji, nikaifikiria ile sentensi. Mpaka leo nikipiga kitu chochote, hata kuku, namwachia maji mbele yake.

Mara ya tatu nikasimama ufukweni, chini, pembeni kidogo na nyuma ya mtumbwi, ukiwa unaondoka. Niliacha nafasi mbele. Mbingu ilikuwa nyuma ya mlingoti. Na hapo ndipo nilipouona. Ulikuwa umelala. Si sana, lakini jicho langu limenyoosha mabega ya watu maisha yote, haliwezi kukosa bega. Mlingoti ulikwenda kushoto.

Sasa nawaambia ukweli wangu. Nilimfikiria shemeji pale kwenye kiti na masikio yake makubwa. Nilimfikiria mpwa wangu, maana ukiwa umelala lawama ni zake, na baba yake alikwisha mhukumu mbele yangu. Na mkono wangu ukafanya wenyewe kile ulichozoea. Nikaiinamisha simu kidogo. Mlingoti ukanyooka. Nikapiga.

Nikampelekea. Aliangalia kwa muda mrefu kuliko zile nyingine. Uso wake ukalegea, nikaanza kujipongeza. Kisha akaisogeza simu karibu na pua, akafuata kitu kwa kidole kutoka ukingo hadi ukingo.

"Shemeji," akasema polepole. "Maji hayalali hivi."

Nikajifanya nafuta miwani.

"Ziwa linamwagika. Tazama. Huku liko juu, huku liko chini. Nimelala na hili ziwa tangu nizaliwe, halijawahi kulala hivi."

"Mkono ulitetemeka."

"Mkono wako hautetemeki. Uliinamisha." Hakupaza sauti. Ingekuwa afadhali angepaza. "Sasa sijui kilichoinama ni mtumbwi, ni mlingoti, au ni wewe. Keshokutwa mwanangu atakuwa katikati ya ziwa, na mimi nitakuwa nimekaa hapa na picha nzuri."

Dada aliacha dagaa zake. Mpwa wangu akatoka nje ya ua. Nikaona aibu ambayo sijaiona tangu baba yangu afariki. Nikasema, "Nisamehe, mume wa dada. Niliona umelala, nikataka kukuficha."

"Umelala upande gani?"

"Kushoto."

Akafumba macho kidogo. "Vizuri. Sasa nenda kanipigie huko kulala kwake. Kaa nyuma yake kabisa, kisogoni. Ingia majini, simu iwe chini, sawa na ukingo wa mtumbwi. Ziwa liwe limelala sawasawa. Usimsaidie mtu yeyote."

Kisogoni. Nilivyofundishwa na wateja wangu, ni kama ameniambia nimpige mtu akiwa chooni. Nikateremka. Jua lilikuwa limeanza kwenda upande wa ziwa, na hilo nalo lilinitia wasiwasi, maana kanuni ya kwanza niliyojua ni kwamba jua likae mgongoni kwa mpiga picha. Nikavua suruali nikabaki na kaptula ya ndani, nikaingia majini mpaka kifuani, simu nimeiinua kama mtu anayevuka mto na mtoto.

"Mjomba, usiende mbali," mpwa wangu akaniambia kutoka mtumbwini. "Kuna kiboko mmoja hapa hana adabu."

"Mwambie mimi ni mgeni."

"Hajui Kiswahili."

Alicheka kidogo, mara ya kwanza siku hiyo. Wakaenda. Upepo ulitoka kulia, tanga likavimba kushoto, mtumbwi ukanigeuzia mgongo na kuelekea kwenye jua. Nikashusha simu mpaka karibu na maji, nikaweka mstari wa ziwa ulale sawa na ukingo wa kioo, nikaangalia kwa makini kama mtu anayetunga sindano. Na jua likapita ndani ya sandarusi. Tanga zima likawaka kama chimni, na mlingoti uliokuwa umejificha nyuma yake ukaonekana wote, mweusi, kutoka juu mpaka pale unapopita kwenye boriti ya katikati. Mishono yote ilionekana. Ningeweka jua mgongoni kwangu ningeona kitambaa cheupe tu. Nikapiga, nikapiga tena, sikunyoosha kitu.

Nilipanda kilima nikiwa nimelowa. Nikampa simu.

Shemeji aliikuza picha kwa vidole viwili kama alivyofundishwa na wajukuu. Akaomba kiberiti. Akaweka ubavu wa boksi la kiberiti juu ya kioo, usawa wa kingo mbili za mtumbwi, na ubavu mwingine ukasimama wima. Mlingoti ulitoka kwenye ule ubavu na kwenda kushoto, unene wa kidole ukikuza. Akaangalia juu, akaangalia katikati, akaangalia chini. Akarudia.

"Hapa kwenye boriti uko katikati kabisa," akasema, kama anajisemesha. "Juu umekwenda kushoto. Basi chini, mguu wake uko kulia."

Mimi sikuelewa mara moja, lakini niliona mkono wenye kiberiti umeshuka magotini.

Akamwita mwanawe. Akaja, akasimama mbele yake, maji yanamchuruzika.

"Mguu wa mlingoti uliuweka wapi?"

"Kwenye tundu lake la chini, sakafuni, baba."

"Uliligusa hilo tundu? Uliliongeza?"

"Hapana. Niliuingiza ulivyo."

"Tundu hilo nani alichimba?"

Mpwa wangu aliangalia mama yake. "Wewe, baba. Wiki ile kabla ya kuanguka."

"Ulijua liko pembeni?"

"Nilihisi."

"Mbona hukusema?"

"Ungeniambia nini?"

Shemeji akafikiri. Halafu mabega yake yakaanza kutikisika, nikadhani analia, kumbe ni kicheko. "Ningekuambia hujui kazi," akasema. Akapangusa macho. "Wiki mbili nimekuita mtu wa haraka mbele ya kila anayepita hapa. Mwenye haraka ni mimi. Nisamehe, baba."

Kwetu mtu humwita mwanawe baba akimpenda sana. Mpwa wangu akaenda kuchota maji ambayo hakuna aliyeyahitaji.

Kazi yenyewe ilikuwa ndogo, asubuhi moja tu, ya kesho yake. Waliuvuta mtumbwi nchi kavu, wakatoa mlingoti, wakaongeza tundu kwa patasi upande wa kushoto, na upande wa kulia palipobaki wazi wakapigilia kabari ya mti mgumu. Ile kabari aliichonga shemeji mwenyewe, amekaa kwenye kiti chake, na mjukuu wake mmoja akipanda na kushuka kilima na kipimo, mimi nampigia shemeji picha kila hatua aone. Sikuwahi kupata mteja mgumu namna ile. Alinirudisha mara nne kwa picha ya tundu moja.

Walipomaliza tulipanda na wale wenzake watatu wa mpwa wangu mpaka jikoni nyuma ya nyumba, shemeji akiwa amesinzia upenuni, mmoja akauliza kwa utani nani ataonja kwanza. Dada akainuka pale kwenye dagaa.

"Mimi."

Watu wote wakamgeukia. Dada yangu ni mtoto wa watu wa ng'ombe. Ameishi ziwani tangu alipoolewa na hajawahi kukanyaga mtumbwi hata mmoja wa mumewe. Akialikwa kisiwani Ukerewe anasema hapana, anapaona kwa mbali panatosha.

"Mama, huogopi?" mwanawe akamuuliza.

"Naogopa. Baba yako amesema tundu limekaa sawa. Akisema vitu vyake huwa nakaa hapa juu namwitikia tu. Jana alikubali kosa mbele ya watu, kwa hiyo namwamini. Ukizama, tuzame wote nimalize kusikia habari za mlingoti."

Akafunga khanga yake vizuri, akateremka kilima mbele yetu sote.

Nikaingia tena majini. Sasa nilikuwa najua pa kusimama. Nilipiga kwanza kisogoni, ziwa limelala sawa, mlingoti wima. Kisha wakazunguka, nikawapiga wakipita pembeni, chini, karibu na maji, nikaacha maji mengi mbele yao. Dada alikaa katikati, ameshika kingo zote mbili kama mtu aliyeshika pembe za ng'ombe. Sikuona miguu yake, na sikuitafuta.

Nilimpa shemeji simu. Kwa desturi yake akataka kiberiti kwanza, akapima, akaridhika. Ndipo akasogeza mpaka picha inayofuata, akaona ni nani amekaa pale. Hakuna aliyekuwa amemwambia. Akaikuza mpaka uso ukajaa kioo.

"Amefumba macho," akasema.

"Alifumba tangu wanaondoka mpaka wanarudi," nikamwambia.

Dada alikuwa anaingia uani, upindo wa khanga umelowa, anajifanya mtu aliyetoka dukani.

"Umeuonaje?" shemeji akamuuliza.

"Sikuona kitu. Nilikuwa nasikia tu."

"Mlingoti ulilia?" Maana mlingoti uliokaa vibaya, alinieleza baadaye, hulia kwenye boriti kama mlango.

Dada akafikiri, kwa uaminifu kabisa, kichwa upande mmoja. "Haukulia. Ni mimi tu."

Shemeji akampa dada simu yangu badala ya kunirudishia mimi, akamwambia, "Wabeja, mke wangu." Sijawahi kumsikia akimshukuru hadharani, na nadhani hata dada hakuwahi, maana alisimama na simu mkononi hajui aifanyie nini. Kisha shemeji akauliza kama kuna ugali. Ulikuwepo, wa tangu mchana, umepoa. Akasema uletwe hivyo hivyo. Tukala wote, yeye akala kuliko mimi, na mpwa wangu akamsogezea sahani ya samaki karibu na mkono. Kesho yake jioni walikwenda kwenye maji marefu nikiwa nimekwisha rudi Somanda, na asubuhi iliyofuata dada akanipigia simu, mara ya pili katika wiki moja, kuniambia wamerudi.